Moyo wa Kazi Hauletwi na Barua ya Uhamisho

Kuna maneno yanayosemwa sana mjini kwetu, kutoka Kasingirima mpaka Mwanga, na yanasemwa na watu wazima wenye akili zao. Maneno yenyewe ni haya: madaktari vijana hawana moyo wa kazi. Husemwa barazani jioni, husemwa sokoni penye dagaa na mawese, na mara nyingine husemwa hata katika mikutano ya Chama, na watu ambao ingewapasa kulipima neno kabla ya kulitoa. Daktari kijana, wanasema, amesomeshwa kwa kodi ya mvuvi na mkulima, na akiletwa Kigoma hununa, huhesabu siku zake za kuondoka. Hana uzalendo. Basi, wameshamaliza.

Sisi hatukubali. Hatusemi kwamba hakuna daktari mvivu. Wapo, kama walivyopo walimu wavivu na makatibu wa matawi wavivu, na hao wa mwisho twawajua kwa majina. Lakini mtu akikihukumu kizazi kizima kwa neno moja, amejiondolea kazi ya kuuliza. Nasi twauliza: moyo wa kazi hutoka wapi? Je, mtu huzaliwa nao kama rangi ya macho? Au kuna mtu anayeutia, na kuna mtu anayeutoa?

Kwanza tueleze daktari kijana ni nani, maana wengi wetu twamwona tu koti lake jeupe. Ni kijana aliyekaa chuoni miaka mitano, Muhimbili, au Moshi, au Bugando, au Dodoma, au Ifakara, au vyuo vingine vilivyoongezeka. Akimaliza hapewi kazi. Hupelekwa hospitali kubwa kwa mwaka mmoja kuwa intani, na Baraza la Madaktari Tanganyika (ndiyo, jina la Tanganyika bado linaishi hapo) humpa usajili wa muda tu. Mwaka huo huzungushwa: magonjwa ya ndani, watoto, upasuaji, uzazi na magonjwa ya wanawake, na kila anapopita lazima mkubwa wake atie sahihi kwamba amefuzu. Hana mshahara wa kudumu, hulipwa posho. Posho hutoka Wizarani, usajili hutoka kwenye Baraza, amri za kila siku hutoka kwa daktari bingwa na Mganga Mfawidhi. Ana mabwana watatu, na mwenye mabwana watatu akipata shida, kila bwana humwambia nenda kwa yule.

Sasa chukua usiku mmoja katika hospitali yo yote ya mkoa. Saa nane za usiku. Ameletwa mama kutoka kijiji cha mwambao, amesafiri kwa mtumbwi wa injini na kisha kwa gari, amejifungulia njiani na damu haijakatika. Aliye zamu ni kijana wa miaka 26. Wauguzi wanamtazama. Ndugu wa mgonjwa wanamtazama. La kufanya analijua, maana amelisoma na kulifanyia mtihani: kulikanda tumbo ili mji wa mimba ukaze, sindano, dripu, damu, na isipokatika ni chumba cha upasuaji. Lakini kujua na kuamua ni mambo mawili. Anampigia simu mkubwa wake.

Ndugu wasomaji, habari yote ya moyo wa kazi imo katika simu ile. Ikiitikiwa, na sauti ikasema "fanya hivi, nami naja," mama atapata nafasi yake, na kijana atakuwa amejifunza usiku mmoja jambo ambalo kitabu hakikumfundisha kwa miaka mitano. Isipoitikiwa, au ikiitikiwa na mtu anayefoka kwamba ameamshwa kwa jambo dogo, mara ya pili kijana yule hatapiga. Atabahatisha peke yake gizani, au ataandika rufaa amsukume mgonjwa kwingine ili asije akafia mkononi mwake. Na asubuhi sisi tutakaa barazani na kusema hana moyo.

Wala hatumtupii bingwa mzigo wote. Penye bingwa mmoja tu wa uzazi, anayeamshwa leo, kesho na kesho kutwa, huyo naye ni mtu wa nyama na damu, na hakuna anayemwitikia yeye. Twasema tu kwamba hospitali isiyojua usiku nani anamwitikia nani, hiyo haina haki ya kudai moyo kwa mtu wa chini kabisa katika ngazi.

Sisi tuliopita chuo cha ualimu twaijua habari hii kwa upande wetu. Mwalimu mwanafunzi akipelekwa mazoezi ya kufundisha, mkufunzi huja akakaa dawati la nyuma na daftari lake. Huogopesha sana, hatukatai. Chaki huvunjika mkononi. Lakini kipindi kikiharibika, mkufunzi yule ndiye anayejua kimeharibika wapi, na baadaye hukaa na kijana wakalitazama andalio la somo mstari kwa mstari. Hakuna mtoto aliyekufa kwa sababu ya desimali kugawanywa vibaya. Ikiwa mwalimu wa hesabu hupewa mtu wa kukaa nyuma yake, aliyeshika kisu asipewe kwa nini?

Liko jambo jingine ambalo mwananchi wa kawaida halioni. Kila asubuhi hospitalini hukaa kikao cha ripoti. Waliokesha husimama na kusema wamewapokea wagonjwa wangapi, wamekufa wangapi, na kwa nini. Kikao hicho chaweza kuwa darasa, na chaweza kuwa mahakama. Kikiwa darasa, maswali yake ni haya: damu ilichelewa wapi? Ufunguo wa stoo alikuwa nao nani? Gari la wagonjwa lilikuwa wapi? Kikiwa mahakama, swali ni moja tu: nani alikuwa zamu? Basi kijana aliyekesha saa 24 bila kula husimamishwa mbele ya wakubwa na wadogo, akaulizwa kama kweli alipita chuoni. Tumezungumza na vijana waliopita hospitali mbalimbali, na hatutataja hata moja, maana hatutaki mtu apatilizwe kwa sababu yetu. Wengi walitueleza neno moja kwa namna tofauti: kilichowavunja si wingi wa wagonjwa. Wagonjwa walikuwa ndiyo sababu ya kuamka. Kilichowavunja ni kusimama pale asubuhi peke yao.

Ubwana mkubwa huu hatukuuzua sisi, una asili yake, na gazeti la Chama halina budi kuutaja asili hiyo. Wakati wa ukoloni Mwafrika aliyefuzu Makerere hakuitwa daktari kamili. Aliitwa Mganga Msaidizi wa Kiafrika, hata kama kazi aliyoifanya ilikuwa ile ile ya Bwana Mganga wa Kizungu. Na alipoinua kichwa, dawa yake ilikuwa tayari. Mwaka 1950 Dakta Vedasto Kyaruzi, mmoja wa madaktari wale wa Makerere, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Rais wa TAA, chama kilichozaa TANU mwaka 1954. Serikali ya kikoloni haikumjibu hoja hata moja. Ilimwandikia barua ya uhamisho. Akapelekwa Kingolwira karibu na Morogoro, kutibu wafungwa, na baadaye Nzega. Hivyo ndivyo walivyojibu: kijana akisema, mhamishe. Lakini chama hakikufa, na miaka 11 baadaye bendera yao ilishuka. Siku ile ya Uhuru mwaka 1961 wananchi waliofuzu udaktari katika nchi hii nzima walihesabika 12 tu. Kumi na wawili! Mwaka 1963 tukaanza kuwafundisha wetu wenyewe pale Dar es Salaam.

Twayakumbusha haya kwa sababu barua ile ya uhamisho haikuondoka na gavana. Mwaka 2012 tuliiona tena, safari hii mikononi mwetu wenyewe. Intani wa Muhimbili walikuwa wamelalamika kwamba posho zao zimechelewa, wakaacha kazi. Posho zikalipwa. Ugomvi ungalikwisha hapo, maana deni likilipwa mdai huenda zake. Lakini vijana wale wakaondolewa Muhimbili na kutawanywa katika hospitali nyingine. Kilichowasha moto wa Januari 2012 ni hicho. Waliokuwa wakubwa kazini, ambao posho ya intani haikuwahusu, waliona kwamba mtu ameadhibiwa kwa kudai haki yake, wakaungana nao, na mgomo ukaenea.

Yaliyofuata kila msomaji ayakumbuka. Februari Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikwenda Muhimbili kuzungumza nao, na Katibu Mkuu wa Wizara ya Afya pamoja na Mganga Mkuu wa Serikali wakasimamishwa kazi. Mei Waziri na Naibu wake wakaachwa nje ya Baraza la Mawaziri. Juni mgomo ukarudi. Usiku wa tarehe 26 Juni Dakta Steven Ulimboka, kiongozi wa jumuiya ya madaktari, alitekwa, na kesho yake akaokotwa katika msitu wa Mabwepande amepigwa vibaya. Intani wakasimamishwa kwa mamia. Na katikati ya yote hayo walilala wagonjwa waliokuja na shuka zao kutoka mbali, wasijue kama asubuhi watatazamwa.

Hatuusifu mgomo wa daktari. Mgonjwa hana hatia, na mgomo humpata yeye kwanza, kabla hata haujamfikia mkubwa mwenye kiyoyozi. Lakini twasema wazi: madai ya mwaka ule yalipotangazwa, watu walishika shilingi 3,500,000, mshahara wa kuanzia uliotakiwa, wakaucheka na kuukasirikia. Hawakusoma mistari mingine. Yalikuwamo madai ya nyumba, ya ulinzi kwa anayefanya kazi ya hatari, na ya vifaa vya kutibia. Mtu anayedai vifaa vya kutibia wagonjwa amwambiwe hana moyo wa kazi? Jambo hili hatulielewi.

Jirani zetu wa Kenya nao wameyapitia, tena zaidi ya mara moja. Madaktari wa serikali waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, kwa sababu mkataba uliotiwa sahihi mwaka 2013 haukutekelezwa, na viongozi wa chama chao wakatiwa gerezani kwa muda. Mwaka 2024 waligoma tena siku 56, na safari hiyo moyo wa ugomvi ulikuwa ni intani hasa: mkataba ulisema walipwe shilingi 206,000 za Kenya kwa mwezi, Serikali ikasema 70,000. Mgomo ule wa kwanza ulipokwisha, Machi 2017, Serikali yetu ilikubali kuwapelekea Wakenya madaktari 500. Vijana wetu wakaomba kwa wingi. Mahakama ya Kenya ikazuia, na Rais Magufuli akaamuru wale 258 waliokuwa wamekwisha kukubaliwa waajiriwe hapa hapa nyumbani. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Ila tulisahau kuuliza swali la pili: kumbe walikuwa wapi siku zote? Walikuwa majumbani, na vyeti vyao sandukuni, na Kasulu na Uvinza watu wanatafuta daktari. Intani wa leo anayaona hayo. Anajua kwamba akimaliza mwaka wake huenda akarudi kwa mama yake kusubiri tangazo. Hilo nalo humla mtu moyo, hata akiwa kazini.

Lakini tusije tukasema kwamba mambo yote ni fedha, maana mkoa wetu una ushahidi wake. Kuanzia mwaka 2006 ulifanyika hapa Kigoma mradi wa kuokoa akina mama, kwa fedha za Bloomberg kutoka Marekani, na baadaye ukaendeshwa na shirika la hapa nchini liitwalo Thamini Uhai. Vituo vya afya vya vijijini, ambavyo mwanzo havikuweza kumpasua mama aliyeshindwa kujifungua, vilijengewa vyumba vya upasuaji. Waliofundishwa kuifanya kazi hiyo hawakuwa mabingwa. Walikuwa madaktari wasaidizi na watu wa dawa za usingizi, wale ambao hakuna anayewaandika gazetini. Walifundishwa, wakapewa vifaa, na waliowafundisha hawakuwatupa. Wakawa wanarudi kuwatazama na kuwasahihisha kazini. Vifo vya akina mama katika vituo vikapungua. Watu wale wale, mkoa ule ule, barabara ile ile ya vumbi. Tofauti ni kwamba nyuma yao palikuwa na mtu.

Sasa nani wa kuambiwa? Hapa pana ugumu ambao wenzetu wa Kasingirima ni lazima waujue, ili wasipoteze pumzi kwa asiyehusika. Kituo cha afya kiko chini ya halmashauri, na diwani wetu aweza kuulizwa habari zake. Lakini hospitali za rufaa za mikoa, Maweni ikiwamo, ziliwekwa chini ya Wizara ya Afya tangu mwishoni mwa mwaka 2017. Diwani hana amri huko. Anayemtuma intani, anayemlipa na anayeweza kumhamisha wako Dodoma. Kwa hiyo kelele zetu za kata zisiishie kata. Twamtaka Mbunge wetu asimame Bungeni aulize neno dogo lisilo na siasa yo yote: posho ya intani hulipwa tarehe ngapi, na ikichelewa anamwona nani, na huyo nani ana siku ngapi za kujibu?

Na hospitali zenyewe, zisingoje Dodoma. Orodha ya zamu ibandikwe ukutani na jina la mkubwa wa usiku na la wa akiba wake, na wote wawili wajue kwamba simu itaitikiwa. Karatasi moja na gundi, hakuna bajeti hapo. Kikao cha asubuhi kianze na anayeongoza kusema yeye mwenyewe alikuwa wapi usiku. Na intani wapate mtu wao katika vikao vya wafanyakazi. Tunasikia husemwa kwamba intani si mwajiriwa, ni mpita njia wa mwaka mmoja. Lakini mpita njia huyu ndiye anayekesha na mgonjwa wetu! Mwaka 1971 TANU ilipotoa Mwongozo, kifungu cha 15 kilimkataza kiongozi ujeuri na dharau kwa anaowaongoza, na wafanyakazi wa viwandani walikijua kifungu kile kama Alhamdu. Hakikusema kwamba mwenye digrii ameachwa nje.

Halafu kuna sehemu yetu sisi, na hapa hatutawahurumia wana Kasingirima wenzetu. Daktari kijana akishuka kituoni Kigoma, baada ya kilomita 1,250 za reli kutoka Dar es Salaam, au basi la mchana na usiku, nani anampokea? Dalali. Anaambiwa kodi ya chumba ni ya miezi sita kwa mkupuo, na posho yake haijatoka. Chumba hakina maji. Jirani akijua kwamba ni daktari, huanza kumgongea usiku kwa kichwa kinachouma, asimwulize hata kama amekula. Na ndugu wa mgonjwa akifiwa, wa kwanza kushikwa shati ni yeye, si aliyekosa kuleta damu. Tumeona katika mji huu watu wakimpigia kelele muuguzi na intani mbele ya mlango wa wodi, na wenye akili wamesimama pembeni wakitazama. Ujiji ni mji wa kupokea wageni tangu kabla ya Stanley hajamkuta Livingstone hapa mwaka 1871. Warabu, Wamanyema, Warundi, wote walipata mkeka. Mgeni aliyekuja kututibu tumkose?

Tawi letu limeamua hivi. Wenye vyumba vya kupangisha hapa Kasingirima na mitaa ya jirani, walio tayari kuchukua kodi mwezi kwa mwezi kwa daktari au muuguzi mgeni, wapeleke majina yao kwa katibu wa tawi, waeleze kama pana maji na umeme, na chumba kiko umbali gani kutoka kituo cha daladala. Orodha hiyo tutaipeleka kwa Mganga Mfawidhi sisi wenyewe. Mpaka tunaandika haya tumepata vyumba vinne, na kimoja ni cha bibi mmoja mjane ambaye amesema kodi ataichukua posho itakapotoka, lakini mpangaji wake asikose chakula cha jioni. Vijana wa tawi wenye pikipiki nao waandikishe namba zao, kwa ajili ya zamu za usiku, maana daladala hazipiti saa hizo.